Logi za PostgreSQL zinapasuana katikati ya sentensi: watoto wote wanaandika sehemu moja, nani anavuruga?

fundi_ntinda (#1)
Wandugu, habari za jioni. Ninatunza seva ya SACCO moja ya magharibi: Ubuntu 22.04, hifadhidata ya PostgreSQL 16, juu yake Odoo (programu ya uhasibu). Siku za kawaida logi (kumbukumbu ya matukio ya hifadhidata) inasomeka vizuri. Usiku wa tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, wahasibu wote waliingia kwa pamoja kufunga vitabu, na logi ikawa hivi:

```
2025-06-30 22:14:07.118 EAT [4127] STATEMENT:  UPDATE account_move_line SET reconciled = true WHERE id IN (88119, 88120, 88121, 882025-06-30 22:14:07.120 EAT [4131] ERROR:  deadlock detected
122, 88123, 88124, 88125, ...
```

Taarifa ya mtoto (mchakato) 4131, inayosema deadlock, yaani michakato imezuiana kwa kufuli, imeingia tumboni mwa taarifa ya 4127. Namba 88122 imepasuliwa vipande viwili. Kurasa nzima ziko hivyo. Halafu kuna jambo la pili: kuanzia 22:15 mpaka 22:19 hakuna hata mstari mmoja, ilhali wahasibu wanasema muda huo Odoo ilikuwa imeganda kabisa. Mkaguzi wa hesabu anataka kujua nini kilitokea dakika hizo.

Najua PostgreSQL humpa kila mteja mchakato wake. Sasa hawa watoto wanatakiwa waandikeje mahali pamoja bila kukanyagana?

mama_wa_mbale (#2)
Kabla ya lolote: `SHOW logging_collector;` inasema nini, yaani mkusanyaji wa logi wa PostgreSQL amewashwa? Lete jibu.

kijana_kabalagala (#3)
Ndiyo maana mimi ni mtu wa MySQL. Mchakato mmoja, nyuzi nyingi ndani yake. Hakuna watoto, hakuna ugomvi wa watoto. Hama ssebo, utalala usingizi.

mzee_wa_jinja (#4)
Kijana #3, habari ya nyuzi umesema kweli, lakini hujajibu swali. Mtu hahamishi vitabu vya SACCO kwa sababu ya mstari wa logi uliopasuka.

Fundi, nieleze kidogo maana hapa ndipo wengi wanapotea. Mchakato mzazi, postmaster, unapoanza huwa tayari na njia yake ya makosa, yaani stderr, faili namba 2. Kila mteja anapoingia, mzazi anazaa mtoto, na mtoto anarithi njia ile ile. Mwandishi wa WAL (daftari la mabadiliko), autovacuum (usafishaji wa kiotomatiki), wafanyakazi wa sambamba, wote wanamwaga mahali pamoja. Hapo mpaka sasa hakuna ubaya.

Tena PostgreSQL haiandiki kipande kipande. Inaikusanya taarifa nzima kwenye bafa, kuanzia ERROR, DETAIL, mpaka STATEMENT, kisha inaitoa kwa wito mmoja wa write(). Kama mwisho wa njia ni faili la kawaida kwenye diski ya mashine hiyo hiyo, lililofunguliwa kwa kuongezea mwishoni, kerneli ya Linux inampa kila mwandishi nafasi yake. Mpasuko kama wako ni nadra kuuona hapo. Kwa hiyo mimi siulizi nani anavuruga. Nauliza: mwisho wa ile njia kuna nini? Endesha hii:

```
ls -l /proc/4127/fd/2
```

kama mtoto huyo bado yu hai. Kama amekufa, tumia namba ya mzazi, njia ni ile ile.

fundi_ntinda (#5)
Asanteni. Mama #2: logging_collector ni `off`. Mzee #4: 4127 bado yupo, Odoo inashikilia miunganisho yake. Jibu ni

```
/proc/4127/fd/2 -> 'pipe:[48213]'
```

Nimefuatilia. Aliyesimika seva kabla yangu aliweka skripti yake mwenyewe ya kuiwasha, hakutumia huduma ya Ubuntu. Inawasha kwa `pg_ctl start | rotatelogs`, yaani logi inapita kwenye paipu (bomba kati ya programu mbili) hadi rotatelogs, inayofungua faili jipya kila sekunde 86400.

mzee_wa_jinja (#6)
Basi tumefika. Njia hiyo imo kwenye mwongozo wa PostgreSQL wenyewe, kwa hiyo usimlaumu sana ndugu yule. Lakini paipu ina sheria yake. POSIX (kanuni za mifumo ya aina ya Unix) inaahidi kwamba andiko lisilozidi PIPE_BUF litapita zima bila kuchanganywa na la mwingine. Kwenye Linux PIPE_BUF ni baiti 4096. POSIX yenyewe inadai angalau 512 tu. Ukizidisha hapo, kerneli ina ruhusa ya kukatakata, na katikati ya vipande mwandishi mwingine akaingiza chake.

Sasa pima hiyo UPDATE yako. Odoo inapofunga mwaka hutengeneza `IN` yenye vitambulisho mamia na maelfu. Vitambulisho 1,000 vya tarakimu tano, pamoja na koma na nafasi, ni baiti 7,000. Umevuka mpaka. Siku za kawaida sentensi ni fupi, kila moja inapita nzima, ndiyo maana hujawahi kuona.

okot_gulu (#7)
Mzee, naheshimu, lakini maelezo ya paipu hayatoshi kila mahali. Kwenye kituo kimoja cha afya huku kwetu tulikuwa na DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya) juu ya PostgreSQL, hakuna paipu yoyote, faili moja kwa moja, na logi zilikuwa zinafutana. Siyo kupasuana tu: mstari wa huyu unalala juu ya mstari wa yule, nusu inapotea. Sentensi zilikuwa fupi.

mama_wa_mbale (#8)
Okot #7, hilo faili lilikuwa kwenye diski ya mashine hiyo, au lilikuwa limeletwa kwa mtandao kutoka mashine nyingine?

okot_gulu (#9)
NFS, faili kwa njia ya mtandao. Saraka ya logi ilikuwa kwenye hifadhi ya pamoja.

mama_wa_mbale (#10)
Ndiyo hivyo. NFS haina amri ya "ongezea mwishoni". Mashine inayoandika inakadiria mwisho wa faili ni wapi kisha inaandika hapo. Mashine mbili zikikadiria kwa pamoja, moja inafuta ya mwenzake. Mlikuwa na mashine mbili zikiandika humo?

okot_gulu (#11)
Ya pili ilikuwa ya akiba, na skripti iliipa jina la faili lile lile. Nimekuelewa nnyabo. Lakini bado hiyo ni sababu nyingine tofauti na ya Mzee, ndicho nilichotaka kionekane.

binti_tororo (#12)
Jamani mnazungumzia mpasuko, mimi hizo dakika nne ndizo zinanisumbua. Mkaguzi hajali koma zimekaa wapi, anajali ukimya.

Mimi nasema ni kumbukumbu iliisha na kerneli ikaua mtoto. Mtoto aliyeuawa kwa signali 9 hapati nafasi ya kuandika chochote, hata neno moja. Anayeandika ni mzazi, baada ya kumkuta mtoto wake amekufa: utaona mstari wenye `terminated by signal 9: Killed`, na chini yake DETAIL inayosema marehemu alikuwa anaendesha sentensi gani. Kisha mzazi anawafukuza watoto wengine wote, kwa sababu hawezi tena kuiamini kumbukumbu ya pamoja, na hifadhidata inapitia urejeshaji. Muda wote huo wateja hawaingii. Tafuta huo mstari, na uangalie `dmesg` (taarifa za kerneli).

fundi_ntinda (#13)
Nimetafuta binti. Kwenye logi hakuna signal 9, kwenye `dmesg` hakuna lolote la kuua mchakato. Ila logi yenyewe ndiyo hiyo iliyoharibika, kwa hiyo kutokuona siyo ushahidi kamili.

mzee_wa_jinja (#14)
Upo ushahidi mwingine. 4127 alikuwepo 22:14 na bado yu hai leo. Angekuwa mzazi amewafukuza watoto wote, 4127 asingebaki. Hakuna aliyeuawa hapo.

binti_tororo (#15)
Hilo nakubali. Lakini msiiache kabisa kwa wasomaji wengine. Mtu mwenye RAM ya GB 8 na miunganisho 200 ya Odoo atakutana nayo. Waweke `vm.overcommit_memory=2`.

mama_wa_mbale (#16)
Nami natoa yangu kuhusu ukimya. Paipu ya Linux hubeba baiti 65,536, basi. Anayesoma upande wa pili akisimama, paipu inajaa, na mtoto yeyote anayetaka kuandika logi analala ndani ya write(). Si kufuli wala swali gumu vinavyomlaza. Analala kwa sababu ya logi! Mteja wake anasubiri, muda unaisha, Odoo inaganda. Na logi, bila shaka, inakuwa kimya.

Kwa nini rotatelogs isimame? Angalia diski. Ikiwa `/var` ilikuwa imejaa au inaandika kwa shida usiku ule, hapo ndipo pa kuanzia.

kijana_kabalagala (#17)
Kwa hiyo seva nzima inasimama kwa sababu haiwezi kuandika malalamiko yake. Na bado mnanicheka na MySQL yangu. Basi tumieni syslog, huduma ya mfumo ya kupokea logi, kila mtoto anaongea na daemoni (programu ya nyuma ya pazia), mambo yameisha.

arua_net (#18)
Kijana #17, hayajaisha. Syslog iko tayari kutupa taarifa inapozidiwa. Kwenye Ubuntu, journald (mpokeaji wa logi wa mfumo) kwa kawaida inaruhusu taarifa 10,000 kwa kila huduma ndani ya sekunde 30, zikizidi inazizuia na kukuachia mstari mmoja wa kusema zimezuiwa. Kiwango hicho hupanda diski ikiwa na nafasi kubwa, lakini kipo. Washa `log_statement = 'all'` usiku wa kufunga mwaka uone.

Pia PostgreSQL inapopeleka syslog huvunja taarifa ndefu vipande ili kila kimoja kitoshe baiti 1024, na kila taarifa hupewa namba ya mfuatano. Kwa hiyo ile `IN` ya Fundi ingefika ikiwa vipande vingi, ila vinavyoweza kuunganishwa. La mwisho, na hili ndilo lililonifanya niiache: si kila kitu hupita syslog. Skripti ya `archive_command` (ya kuhifadhi WAL) ikilia kwenye stderr yake, au maktaba ikishindwa kupakiwa, syslog haioni. Unaweza kukaa miezi hujui kwa nini WAL hazihifadhiwi.

okot_gulu (#19)
Mimi narudi na sababu ya tatu au ya nne, nimepoteza hesabu. Saa. Umeme ukikatika na mashine ikiwaka tena bila betri ya saa, chrony (programu ya kusawazisha saa) inairusha mbele inapopata mtandao. Ukisoma logi unaona pengo la dakika nne ambalo halikuwepo. Muda haukupita, saa iliruka.

mzee_wa_jinja (#20)
Okot, 4127 tena. Mashine haikuzimika.

okot_gulu (#21)
Haikuzimika kama ni mashine ya chuma. Fundi, hii ni mashine pepe? Mwenye seva kuu akiisimamisha kwa ajili ya nakala rudufu ya usiku, watoto wote wanaganda wakiwa hai, na wakiamshwa wanaendelea na namba zao zile zile.

fundi_ntinda (#22)
Ni mashine pepe, ndiyo. Nakala rudufu huanza saa nne usiku kwa saa zetu, yaani 22:00. Inachukua muda gani sijawahi kuandika.

nnyabo_data (#23)
Samahani naingia pembeni. Fundi, hapo #1 umebandika vitambulisho vya miamala tu, sawa. Lakini nawaomba wote: kabla ya kubandika logi hapa, someni kila STATEMENT. Humo mna majina ya wanachama, namba za simu, namba za vitambulisho vya taifa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haijali kwamba ulikuwa unatafuta msaada.

Mkusanyaji wa logi wa PostgreSQL hufungua faili kwa ruhusa 0600, anasoma mwenye seva peke yake. Ukiandika kupitia programu ya nje, ruhusa zinategemea umask (mpangilio wa ruhusa za faili mpya) ya aliyeiwasha. Nimewahi kukuta faili kama hilo linasomwa na kila mtumiaji wa mashine, na ndani mna `ALTER ROLE ... PASSWORD` kwa herufi wazi. Kuanzia toleo la 13 kuna `log_parameter_max_length` ya kupunguza vigezo vinavyoandikwa. Itumieni.

fundi_ntinda (#24)
Asante nnyabo. Nimekagua ruhusa: 0644. Nimezifunga sasa hivi.

kabale_kontena (#25)
Kwetu tuko kwenye Docker (mfumo wa kontena) na tuna mpasuko unaofanana, lakini unatokea kila kwenye KB 16. Docker hukata mstari mrefu hapo. Kwa hiyo hata 4096 ya Mzee si mpaka pekee.

mzee_wa_jinja (#26)
Sahihi, ni mpaka wa mwingine juu ya wa kwanza. Stderr ya kontena nayo kwa kawaida ni paipu, kwa hiyo una yote mawili.

Niseme jinsi mkusanyaji wa ndani anavyofanya, maana Fundi aliuliza watoto wanatakiwa waandikeje na tumemzungusha. Ukiwasha `logging_collector`, mzazi anaunda paipu na kuzaa mchakato mmoja wa kusoma. Watoto nao wanajua kwamba upande wa pili yupo msomaji wao, kwa hiyo hawamwagi ovyo. Kila taarifa inakatwa vipande visivyozidi PIPE_BUF, na kila kipande kina kichwa: baiti mbili za sifuri, urefu, namba ya mchakato, na alama ya kusema kama ndicho cha mwisho. Kila kipande kinapita kizima kwa ahadi ya POSIX. Msomaji anashika vipande vya kila mtoto kando kando, na anaandika kwenye faili pale tu cha mwisho kinapofika. Taarifa ya 4131 haiwezi kuingia ndani ya 4127.

Na kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote: msomaji huyo hupuuza signali za kuzimwa. Anaondoka tu pale paipu inapokauka, yaani kila mwandishi ameshakwenda. Akifa kwa bahati mbaya, mzazi bado ameshika paipu, anazaa mwingine, na yaliyokuwa njiani yanasomwa. Hiyo ni kazi ya watu waliofikiria.

Kinachobaki nje ni maktaba ya kigeni inayoandika stderr yenyewe bila kile kichwa. Hiyo bado inaweza kuchanganyika.

arua_net (#27)
Kwa waliozoea toleo za zamani: mpangilio huu ulianza 8.0 kwa jina la `redirect_stderr`, ukabadilishwa jina 8.3 pamoja na kuja kwa csvlog. Jsonlog imekuja 15.

mama_wa_mbale (#28)
Fundi, weka hii:

```
logging_collector = on
log_destination = 'stderr,csvlog'
log_directory = '/logi/postgresql'
log_filename = 'postgresql-%Y-%m-%d.log'
log_rotation_age = 1d
log_line_prefix = '%m [%p] %c %l %u@%d '
log_lock_waits = on
```

`%c` ni kitambulisho cha kikao na `%l` ni namba ya mstari ndani ya kikao hicho. Ukiona kikao kimeruka kutoka mstari wa 40 hadi 57, unajua logi imepotea, huna haja ya kubishana na saa za Okot. Lazima uizime na kuiwasha upya seva, kusoma upya usanidi hakutoshi kwa `logging_collector`. Na hiyo `/logi` iwe sehemu tofauti ya diski. Logi ikijaza diski yenye `pg_wal`, PostgreSQL inapiga PANIC na kuanguka.

kijana_kabalagala (#29)
Kwa nini asirudi tu kwenye mpangilio wa kawaida wa Ubuntu? Faili moja, logrotate inazungusha kila wiki. Unafanya kazi kwa kila mtu.

mama_wa_mbale (#30)
Unafanya kazi, lakini soma ndani: ni `copytruncate`. Inanakili faili kisha inalikata hadi sifuri. Chochote kilichoandikwa kati ya kunakili na kukata kimekwenda. Na kama faili halikufunguliwa kwa kuongezea, mtu aliandika `>` badala ya `>>`, watoto wanaendelea pale pale walipokuwa, na faili linajaa baiti za sifuri mwanzoni. `ls` inasema GB 3, `du` inasema MB 2. Kwa SACCO inayokaguliwa siikubali. Vifurushi vya RPM vya mradi wenyewe huja mkusanyaji akiwa amewashwa tayari, na hilo nadhani ndilo jambo sahihi.

kijana_kabalagala (#31)
Haya mama, nimekusikia. Lakini mkusanyaji naye ni paipu. Akizidiwa, watoto si watalala vile vile kama ulivyosema #16?

mama_wa_mbale (#32)
Watalala, ndiyo. Amejengwa asipoteze taarifa, kwa hiyo mzigo ukizidi watoto husubiri. Diski ikijaa anashindwa kuandika na seva inaendelea, lakini diski ikiwa ya polepole, atawachelewesha. Unachagua: kupoteza au kusubiri. Kwa fedha za watu mimi nachagua kusubiri, na diski ya kasi.

arua_net (#33)
Mimi kwa hospitali nisingechagua kusubiri. Mgonjwa yuko mapokezi.

fundi_ntinda (#34)
Nimefanya jaribio kwenye mashine ya pembeni. Pgbench (programu ya kupima mzigo), wateja 40, sentensi yenye `IN` ndefu, `log_min_duration_statement = 0` ili kila sentensi iandikwe. Kwa paipu ya rotatelogs mpasuko ulitokea mara moja. Kwa mkusanyaji, hakuna hata mmoja. Nilipofupisha sentensi chini ya 4096, hata paipu ilikuwa safi. Kwa hilo Mzee amethibitika.

Ukimya ndio bado. Nimesimamisha rotatelogs kwa `kill -STOP` na wateja wote wakaganda, sawasawa na #16. Nikaiachia, wakaendelea kwa namba zile zile za mchakato. Lakini kusimamisha mashine pepe nzima kunatoa picha hiyo hiyo. Diski leo iko 71%, na kuna kazi ya cron inayofuta logi kuukuu saa sita usiku, kwa hiyo ilikuwa imejaa kiasi gani usiku ule siwezi kujua tena.

mzee_wa_jinja (#35)
Umefanya vizuri sana. Angalia mistari ya kwanza baada ya 22:19. Muda unaoandikwa na `%m` hupigwa taarifa inapotungwa, kabla ya write(). Mtoto aliyelala kwenye paipu angekuwa ameshapiga muhuri wake wa 22:15, na mstari ukatokea paipu ilipofunguka. Kama hakuna hata mmoja wa 22:15, nadharia ya Mama inapungua nguvu.

mama_wa_mbale (#36)
Haipungui sana Mzee. Fundi amesema kurasa nzima zimepasuka. Muhuri wa 22:15 unaweza kuwa umezikwa katikati ya `IN` ya mtu. Asitafute mwanzoni mwa mstari tu:

```
grep -ao '2025-06-30 22:1[5-8]:[0-9.]*' faili
```

okot_gulu (#37)
Na Odoo iko kwenye mashine pepe hiyo hiyo au nyingine? Kama ni nyingine, logi yake itaonyesha kama alisubiri kwenye muunganisho ulio hai au mtandao wenyewe ulikuwa haujibu.

fundi_ntinda (#38)
Ni nyingine, lakini seva kuu ni moja, na zote mbili zimo kwenye nakala rudufu ya usiku. Grep ya Mama imetoa mihuri miwili ya 22:15:02, yote ya 4131, hakuna mwingine. Nimemwandikia mwenye seva kuu anipe muda wa nakala ya tarehe 30.

binti_tororo (#39)
4131 ndiye aliyekuwa na deadlock. Bandika hizo mbili, na mistari kumi kabla yake. Ondoa majina kwanza.